Mashine Niliyoiacha Bila Kuifungua

Dada yangu aliitwa mwizi mbele ya watu, na mimi, kaka yake, nikampiga kofi. Naanzia hapo makusudi. Kwa miaka mingi nilipohadithia habari zetu nilianzia kwenye vita, na ukianzia kwenye vita kila mtu hukuonea huruma, hakuna anayekuuliza wewe ulifanya nini.

Sisi kwetu ni Ngumi, kisiwa kidogo kusini mwa Kismayu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na nilipopata nguvu za kubeba mashine ya boti begani nilikwenda Kismayu kujifunza ufundi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na bandari. Nilikaa naye mpaka nikawa fundi mwenyewe. Hapo nikamwita mdogo wangu wa kike aje mjini. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwepesi wa kazi, na alikuwa na tabia ya kucheka peke yake akikumbuka jambo, ukimwuliza hasemi. Nilimtafutia kazi katika nyumba ya mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa. Mume wa mama huyo alikuwa akisafiri nchi za nje na kurudi na vitu ambavyo watu wa visiwani tulivisikia tu. Kimoja kilikuwa mashine ya kufulia kutoka Italia, yenye mlango wa kioo mbele.

Siku za mwanzo dada yangu aliketi chini mbele ya kile kioo akitazama nguo zinavyozunguka mpaka mwisho. Alipokwenda Ngumi kwa sikukuu alimweleza mama. Mama, ambaye maji ya kufulia aliyateka kisimani ndoo kwa ndoo, hakuamini.

"Na povu huliondoa nani?" aliuliza.

"Huliondoa yenyewe, mama."

Mama akanigeukia mimi nithibitishe, nikathibitisha, na hapo akaamini. Nyumbani kwetu mambo ya mjini nilikuwa nikiulizwa mimi.

Ilikuwa asubuhi, siku moja baada ya harusi kubwa mjini, nilipoitwa nyumbani kwa yule mama. Nilikwenda na mikono yangu ya mafuta nikidhani kuna kitu kimeharibika. Nilikuta mlango wa uani uko wazi, majirani watatu wanne wamesimama, na dada yangu yuko katikati na kitambaa cha kichwa kimemwanguka mabegani.

Mwenye nyumba alikuwa amekwenda harusini na herini zake za dhahabu, akarudi amechoka akalala nazo. Alipoamka alikuta moja sikioni, ya pili haipo. Kitanda kilikuwa kimekwisha tandikwa upya. Walikuwa wamepekua chumba, wamepekua kikapu cha dada yangu, wamempekua na yeye mwenyewe.

"Mimi sitaki maneno mengi," mwenye nyumba aliniambia. "Chumbani kwangu haingii mtu ila yeye. Mwambie aitoe, yaishe."

Nilimwambia dada yangu aitoe.

"Sina, kaka. Wallahi sina." Alikuwa halii bado. "Basi nikuulize. Mchu mwizi ataiba herini moja aiache ya pili? Nikaivae sikio moja?"

Alisema 'mchu' badala ya 'mtu', kama tunavyosema kwetu, na alilisema kwa sauti. Mmoja wa wale majirani akacheka. Sijui alicheka nini: pengine lugha yetu, pengine hoja yenyewe, kwa sababu ilikuwa hoja nzuri. Mimi nilisikia kicheko tu. Nikamzaba kofi lililomgeuza uso, kisha nikamwomba radhi mwenye nyumba. Nilimwomba radhi yeye. Nikasema sisi si watu wa tabia hiyo na sijui huyu mtoto ameipata wapi.

Hapo ndipo dada yangu alipolia.

Juma hilo hilo nilimpandisha boti arudi Ngumi. Alikuwa ameposwa na kijana mmoja seremala wa pale mjini. Wazee wa yule kijana wakatuma ujumbe wa adabu sana kwamba mambo yasimame kwanza. Hayakusimama tena kwanza, yalikwisha. Mama alinitumia mtu kuniuliza kama ni kweli. Nikajibu kuwa ni kweli, nimeshuhudia mwenyewe. Nilichoshuhudia ni kofi langu. Baada ya miezi michache mama alimwoza kwa mjane mmoja wa kisiwa cha Fuma, mtu mzima, mwenye watoto wake. Sikwenda harusini. Nilisema nina kazi.

Sasa nisimulie mashine.

Kama wiki mbili tangu dada yangu aondoke, yule mama aliniita tena. Mashine ya kufulia ilikuwa imeanza kelele. Nilikuwa sijawahi kuitengeneza mashine ya aina ile, lakini mota ni mota na mkanda ni mkanda, na nilikuwa na hamu ya kuonekana. Isitoshe, kuitwa tena katika nyumba ile nilikuona ni heshima.

Niliiwasha nikasikiliza. Ikizunguka polepole kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekuna sufuria kwa kijiko, unakuja na kuondoka. Ilipofika kwenye kukausha, pale ngoma inapokwenda kasi, ikaanza kuruka na kugonga ukuta. Fundi mwenye akili angetenganisha hizo sauti mbili. Kuruka ni jambo moja, mkwaruzo ni jingine. Nilichukua pima maji nikaiweka juu yake, nikaona sakafu imeinama upande wa mfereji. Nikakata vipande vya mpira wa tairi nikavipachika chini ya mguu mmoja, nikaiwasha tena. Haikuruka. Na ule mkwaruzo nao, kwa bahati, ukanyamaza.

Nilijua kuwa sikuujua mkwaruzo ule umetoka wapi. Kifuniko cha nyuma kilikuwa na skrubu sita. Sikuzifungua, kwa sababu niliogopa kufungua kitu nisichokijua mbele ya tajiri, na kwa sababu katika nyumba ile nilikuwa nikijisikia kama natazamwa mikono. Nilitaka kumaliza niondoke.

"Ni sakafu tu, mama," nilimwambia. "Mashine ni nzima."

Alifurahi. Alinipa kitambaa cha shuka nimpelekee mama yangu, akasema, "Nyinyi si watu wabaya. Ni yule mmoja tu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Maneno hayo mawili huwa yananirudia nikiwa kazini, nimeinama, bisibisi mkononi. Husimama nikajifanya natafuta kifaa.

Vita vilipofika Kismayu, yule mama na watu wake waliondoka mapema kwa gari, na nyumba wakaiacha na kila kitu. Mji ulishikwa na hawa, ukaachwa, ukashikwa na wale. Mimi nilibaki kwa sababu kila aliyeushika alikuwa na gari bovu au boti bovu, na fundi haulizwi sana anatoka wapi madhali mikono yake inafanya kazi. Visiwani hali ilikuwa mbaya zaidi. Wenye bunduki walikwenda wakachukua mashine za boti, nyavu, hata mabati ya nyumba. Mama alikuwa Ngumi bado, na nilikuwa nikipanga kila siku kwenda kumtoa, na kila siku nikiahirisha.

Siku moja asubuhi alikuja mtu mwenye bunduki kibandani akaniambia kwa Kisomali nichukue vyombo vyangu. Nilimfuata. Alinipeleka mpaka kwenye mlango ule ule wa uani.

Nyumba ilikuwa imekaliwa na mkubwa wao pamoja na mkewe na watoto. Yeye hakuwepo. Mkewe alikuwa mwanamke kijana, mja mzito, sauti yake ya chini. Alinikaribisha chai kabla ya kazi, jambo ambalo mwenye nyumba wa zamani hakuwahi kulifanya.

"Ndugu yangu," aliniambia, "hii mashine inatutisha. Nikiiwasha watoto wanakimbia."

Kisha akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka tu mazungumzo, "Uliwajua wenye nyumba hii?"

"La," nikasema. "Sikuwajua."

Waliiendesha kwa jenereta. Nilipoiwasha nilielewa kwa nini watoto walikimbia. Ilikuwa inasaga. Kwanza nikatazama chini: vipande vyangu vya mpira wa tairi vilikuwa pale pale, vimekauka, na mashine imesimama sawa. Basi sakafu haikuwa na makosa. Nikachomoa waya, nikafungua mlango, nikatia mkono nikaizungusha ngoma polepole. Ilikwaruza mara moja kwa kila mzunguko, daima upande wa chini. Beringi mbovu haingurumi hivyo. Beringi hunguruma mzunguko mzima, na ukiitikisa ngoma juu na chini utasikia inacheza. Hii haikucheza.

Safari hii nilifungua zile skrubu sita. Sikuwa na ujasiri zaidi kuliko zamani. Mwenye bunduki alikuwa amekaa kwenye kizingiti, na nilikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya kuaibika. Nilitoa kifuniko cha nyuma, nikavua mkanda, nikaizungusha mota peke yake. Kimya. Nikaizungusha ngoma bila mkanda. Ule mkwaruzo ukaja. Basi ulikuwa ndani, kati ya ngoma inayozunguka na pipa la nje linalokaa na maji. Nikafanya tunavyofanya kwenye mashine za boti: nikaweka ncha ya bisibisi kwenye pipa na mpini sikioni, nikaizungusha ngoma kwa mkono mwingine, nikihamisha ncha kidogo kidogo. Sauti ilikuwa kubwa kabisa pale chini inapoingia koili ya kupashia maji.

Koili ile hushikwa na nati moja katikati na raba nene. Nati ilikuwa na kutu. Niliipa mafuta, nikanywa chai yangu, nikarudi nikaifungua. Raba ilikuwa imegandamana. Niliitikisa huku na huku mpaka koili ikatoka na mchanga mweupe wa chumvi, na nyuma yake likabaki tundu la kuingiza vidole viwili. Nikakunja waya ncha kama ndoana, nikaanza kuvua.

Kwanza ilitoka sarafu ya zamani. Kisha kifungo cha shati. Kisha uzi na uchafu. Nikaizungusha ngoma, bado inakwaruza. Nikaingiza tena ule waya, ukashika kitu kizito kidogo, nikakivuta kikaangukia kiganjani.

Ilikuwa imepindika, na upande mmoja umesuguliwa mpaka umekuwa mwembamba kama ukucha. Lakini dhahabu hata ukiisugua miaka haigeuki kitu kingine. Niliijua kabla sijaifuta. Mwenye nyumba alikuwa amenionyesha ile ya pili siku ile uani, ameishika kwa vidole viwili mbele ya uso wangu, na nilikuwa nimeitazama vizuri kwa sababu sikutaka kumtazama dada yangu.

Iliangukia katika shuka, na shuka zikaingia kwenye mashine. Dada yangu ndiye aliyeziingiza, asubuhi ile, kama kazi yake ilivyokuwa. Na ule mkwaruzo niliousikia wiki mbili baadaye ulikuwa huu huu. Pengine ilikwama chini ya koili ikatulia siku ile niliposema ni sakafu. Skrubu sita, nati moja. Kama ningezifungua, dada yangu angekuwa na aibu ya wiki mbili, na pengine yule seremala angemwoa.

Nilibaki nimepiga magoti nyuma ya ile mashine.

"Umepata?" mwanamke aliuliza kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimempa mgongo. Kopo langu la grisi lilikuwa wazi. Nikaididimiza herini ndani ya grisi kwa kidole gumba, nikasawazisha juu.

"Nimepata," nikasema, nikageuka nikamwonyesha sarafu na kifungo. "Hivi ndivyo vilivyokuwa vinapiga kelele."

Alicheka kwa furaha. Nilirudisha koili, nikakaza nati, nikavisha mkanda, nikafunga kifuniko, tukaiwasha. Ilizunguka kwa sauti laini ya maji tu. Watoto walikuja wakakaa chini mbele ya kioo. Nilishindwa kuwatazama.

Mwanamke alinipa unga na sukari, akaniombea dua. Mlangoni yule mwenye bunduki alipekua mfuko wangu wa vyombo kimoja kimoja. Alifungua kopo la grisi, akalinusa, akakunja uso, akalifunga. Nikatoka. Nilikuwa nimeiba herini, katika nyumba ambayo dada yangu hakuiba.

Najua kuna atakayesema haikuwa yao wale, na ni kweli. Wala haikuwa yangu. Nilijiambia naichukua iwe ushahidi: nitaipeleka Ngumi nimwonyeshe mama, kisha nivuke Fuma nimwekee dada yangu mkononi. Nilijiambia hivyo njia nzima.

Siku ya tatu niliondoka Kismayu. Nilipofika Ngumi nilimkuta mama amekwisha funga mzigo wake, mdogo sana. Nusu ya majirani walikuwa wameondoka. Nilikusudia kumwambia mara tu nikishakaa. Lakini aliponiona alilia, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nilijua wewe utakuja. Wewe hujanivunjia uso hata siku moja." Baada ya maneno hayo ningesema nini? Nilisema tuharakishe.

"Tupitie Fuma tumchukue dada yako," mama akasema.

"Mwenye boti hapitii Fuma."

Sikuwa nimemwuliza mwenye boti. Dada yangu alikuwa na mume, nilijiambia, mumewe atamtoa. Ukweli ni kwamba sikuweza kufikiri nitashuka vipi kwenye ufuo wa Fuma, nimtazame, na kile kitu mfukoni.

Tulifika Burgao, ambako watu walikuwa wengi wakingoja vyombo vya kwenda upande wa Kenya. Nahodha mmoja alikuwa na nafasi, lakini alitaka kitu cha thamani, si maneno. Nilimpa herini. Aliipima kwa jino akaitia kwenye kibindo.

Mama aliona. "Umeitoa wapi dhahabu?" aliuliza.

"Niliinunua, mama. Akiba."

"Mungu akubariki," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoutoa ushahidi, na hivyo ndivyo tulivyovuka.

Tulipelekwa kambini, nje kidogo ya Mombasa. Dada yangu alifika baada ya miezi kadhaa, yeye na mumewe na watoto. Walikuwa wamepita bara, wakatembea, wakakaa vichakani, wakauza kila walichokuwa nacho. Alikuwa amekonda na macho yamekuwa makubwa. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Mimi alinisalimia kwa adabu, akaniuliza afya yangu, kama unavyomsalimia mtu wa ofisini.

Hema lao lilikuwa la nne kutoka letu. Kila siku nilisema nitamwambia kesho.

Wakati wa mvua mama aliugua homa. Dada yangu alihamia kwetu amuuguze. Alimwosha, alimlisha uji, alimgeuza. Alasiri moja mama alipata nguvu kidogo, akamshika mkono. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni mwa hema nakung'uta maji kwenye turubai.

"Mwanangu," mama alimwambia, "lile jambo la Kismayu usiendelee kulibeba. Ulikuwa mtoto. Mimi nimekusamehe, na Mungu amekusamehe."

Dada yangu alimfunika mama shuka. Kisha akasema, "Amin, mama."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Niliyasikia yote. Nilikuwa na ulimi, na mama alikuwa na akili zake timamu, na maneno yenyewe yalikuwa machache: hakuiba, niliikuta mimi. Niliendelea kukung'uta maji. Maji yalikuwa yamekwisha, nikaendelea kukung'uta.

Mama alifariki baada ya siku mbili.

Nilimwambia dada yangu baada ya hitima ya siku ya tatu. Alikuwa kwenye mfereji wa kambi, ameinamia karai, anafua zile shuka alizolalia mama. Nilichuchumaa upande wa pili wa karai.

"Ile herini ilikuwa ndani ya mashine," nikasema.

"Herini gani?"

"Ile."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Nilimweleza yote, tangu ule mkwaruzo wa kwanza mpaka kopo la grisi, mpaka nahodha wa Burgao. Sikumficha hata lile la Fuma. Alinisikiliza bila kunikatiza, huku povu likififia karaini.

"Kwa hiyo mama aliponiambia Mungu amenisamehe," akasema, "ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mlangoni."

"Ndiyo."

Alikamua shuka mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. "Mimi nilikuwa najua sikuiba," akasema. "Kwangu hukuleta habari yoyote. Habari hii ilikuwa ya mama. Ungempa yeye."

Nilimwomba anisamehe. Alitundika shuka kwenye kamba, akanyoosha pembe zake, kisha akanigeukia.

"Ulinipiga mbele ya watu," akasema. "Utasema mbele ya watu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, watu wa kwetu waliokuwa kambini walikaa kama kawaida yao kwenye kivuli cha ghala la chakula, wanaume upande huu, wanawake wakisuka ukili upande ule. Nilisimama. Nimewahi kukaa na mtu wa bunduki nyuma yangu, lakini sikuogopa vile. Nilisema dada yangu alisingiziwa, na kwamba mimi nilimsaidia aliyemsingizia, kisha nikajua ukweli nikaunyamazia mpaka mama yetu akazikwa. Nilisema na habari ya kuipata herini na nilivyoitumia. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mzee mmoja akaniambia nipaze sauti, hasikii. Ikabidi niseme tena tangu mwanzo.

Nilipomaliza wanawake walikuwa wameacha kusuka. Wanaume walitazama chini. Shangazi yetu mmoja, mwanamke mwema asiyependa ugomvi, akasema, "Haya, mambo ya zamani hayo. Sisi tulikwisha yasahau."

"Mimi sijayasahau, shangazi," dada yangu akasema. Hakupaza sauti. Akashika tena ukili wake akaendelea kusuka.

Mumewe, yule mjane wa Fuma ambaye sikuhudhuria harusi yake, alinifuata baadaye hemani kwangu. Nilidhani amekuja kunipiga, na ningemwacha anipige. Alikaa, akaniambia kwamba siku ya kumposa aliambiwa binti huyu ana doa, ndiyo maana mahari ni ndogo. "Sikuuliza doa gani," akasema. "Nilimwona anavyowashika wanangu. Miaka yote hii hajaniambia kitu, nami sikumwuliza." Alipokea maji niliyompa. "Ungekuja Fuma, tungetoka pamoja. Wanangu wasingetembea."

Alimaliza maji, akaaga.

Baada ya hapo dada yangu aliishi nami kama alivyoishi kabla, kwa adabu. Nilipougua aliniletea uji, akauweka chini, akauliza kama nahitaji kitu kingine. Lakini siku moja nilipita karibu na hema lao nikamsikia anacheka peke yake ndani, kile kicheko cha zamani, na mumewe akimwuliza, "Nini?" naye hasemi. Nilisimama nikasikiliza, kisha nikaona haya kusimama, nikapita.

Ilipofika zamu yao ya kuchukuliwa kwenda Ulaya, nilikwenda kuwasindikiza. Basi lilikuwa limejaa watu na mifuko. Watoto waliniaga, mumewe akaniaga. Yeye alikuwa wa mwisho kupanda. Kwetu dada humbusu kaka yake mkono wakati wa kuagana safari ndefu. Hakunibusu, wala sikutazamia. Alinipa mkono, nikaushika, mkavu na mgumu wa kazi. Aliuacha ndani ya wangu kwa muda kidogo, akiwa ametazama pembeni, kisha akautoa, akapanda.